Dole Gumba

Saa saba mchana mashine ilikuwa na homa;
ungeweza kukaanga yai mgongoni mwake.
Foleni ilitoka mlangoni hadi kwa muuza chipsi.
Kitabu nakilaza kifudifudi juu ya kioo,
mwanga unapita chini yake kama fagio,
nageuza, nalaza, nageuza.
Shilingi hamsini ukurasa.
Zilizotoka na michirizi Mama Kisamo aliwauzia wa karanga,
hivyo pale Mwenge ulitafuna karanga za moto
kutoka Sheria ya Ardhi, sura ya nne.

Nyamizi, mwaka wa pili, fimbo nyeupe iliyofungwa plasta,
hakununua karatasi. Alinunua sauti yangu.
Jioni, mashine ikipoa, nilimsomea:
mimi wa darasa la saba, Kiingereza cha kuokota,
najikwaa kwenye maneno marefu kama ngazi za hosteli.
"Rudia hapo, fundi. Herufi hiyo ni bubu."
Bubu! Na mimi miaka yote nazipigisha kelele.
Nikaijua fidia. Nikajua
kwamba kile alichofanyiwa shemeji yangu kule Goba
kina jina, kina kifungu, kina namba.

Halafu vitabu vikaacha kuwa na uzito.
Hakuna aliyetangaza. Niliona tu mabega ya wanafunzi
yamenyooka wakipita.
Maktaba nzima imo mfuko wa nyuma wa suruali,
wanaikalia.
Wanarushiana kitabu kizima kwa bando la usiku
kabla maji ya uji hayajachemka.
Nusu ya kibanda chetu sasa ni juisi ya ukwaju;
wino umebaki kwenye kucha zangu.

Sisemi ni ubaya.
Simu ya Nyamizi inamsomea,
haikohoi, haina mtoto mwenye surua Kigogo.
Alipita siku moja akanipa kisikilizio kimoja,
kingine akabaki nacho.
Mwanamke asiye na mapafu, anasoma kama anayedai kodi,
na herufi bubu zote kazinyamazisha.
Nilimwonea wivu, nikasema ana sauti nzuri.

Jumanne karudi, yuko mwaka wa nne,
fimbo ikigonga ndoo ya ukwaju.
"Fundi, ukurasa wa mia mbili kumi na mbili, sauti inaruka.
Inafika 'aliyekaa hapo kwa muda mrefu ana haki ya',
inanyamaza,
kisha inaanzia kwingine kabisa.
Wenzangu wanasema pana kivuli. Kama kidole."

Nikaichukua simu, nikaupanua ukurasa.
Lo.
Kinene, cheusi, ukucha umepasuka katikati
pale wembe wa kukatia karatasi uliponipitia:
dole gumba langu,
siku lilipochoka kukibana kitabu kilale bapa.
Mtu kachukua kopi yangu, kaipiga picha, kairusha,
na kumbe nimo kwenye simu za vijana nisiowajua,
nimekaa juu ya haki ya mtu,
nimetulia kama mwenye kiwanja.

"Uliwahi kunisomea," akasema. "Palisemaje?"
Niliwahi, ndiyo. Nakumbuka mbu,
nakumbuka alivyocheka nilipojikwaa,
nakumbuka hata bei ya mishumaa wiki ile.
Maneno yenyewe, hata moja.

Leo nimefunga mapema. Mama Kisamo kanuna.
Kitabu chenyewe kiko maktaba ya chuo,
rafu ya chini, kwa mujibu wa Nyamizi,
hakijaazimwa tangu alipokirudisha.
Tumefika mlangoni, yeye na kitambulisho chake,
mimi na kucha zangu.
Mlinzi ananitazama kuanzia ndala kwenda juu.
"Na wewe umekuja kusoma nini?"

"Mstari mmoja," namwambia.
"Nimeukalia miaka miwili."